Risala ya Kundi la Michezo kwa Fundi Aliyekuja Kulifuta

Mgeni rasmi, fundi mpya wa kompyuta wa zahanati hii. Ndugu zetu wa kundi la Ofisi, mliokuja kutucheka:

Risala hii inasomwa na karani wa mapokezi, maana sisi ni programu, hatuna midomo.

KARIBU

Karibu kwenye kompyuta hii inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Asubuhi tulikusikia ukisema, "Makundi ya programu nayapanga upya leo. Michezo inatoka yote." Karani akajibu, "Sawa mwanangu, ila mimi sikuiweka." Alisema kweli, ingawa mkono ulikuwa bado kwenye mchezo wetu wa karata.

TULIKOTOKA

Sisi ni vifurushi tisa vya programu. Fundi aliyekutangulia alituweka kundi moja, ili amri moja ituingize na amri moja itutoe. Siku yake ya mwisho, begi likiwa begani, akakumbuka hajaweka programu ya kuchapa. Kundi lililokuwa wazi mbele yake ni letu. Akaitumbukiza humo, akaaga. Ndivyo tulivyompata Mchapaji, mdogo wetu. Kucheza hajui, tukimpa karata anazipanga kwa tarehe.

MAFANIKIO

Karani ameshinda mara mia nne na sita bila kumwonea mtu. Mchapaji amechapa cheti cha dawa cha kila mgonjwa, dozi na saa zake, wala hakuna aliyemwambia ahsante.

CHANGAMOTO

Tulimpeleka Mchapaji kundi la Ofisi, Kikokotoo wao wa mahesabu akatuzuia mlangoni: "Huyo kalelewa na wacheza karata. Atatuharibia watoto." Hana watoto. Lakini tuliumia.

OMBI

Hatuombi kubaki. Karata, Nyoka, Vigae na wenzetu tumeshafunga virago, na karani amelia kidogo, asiuruke mstari huu anapousoma. Tunaomba jambo moja: kabla hujabonyeza "ndiyo", soma orodha ya wanaotoka. Wa tisa, Mchapaji, mwandike kundi la Ofisi. Akifutwa pamoja nasi, kesho mama mwenye mtoto mgonjwa ataelezwa dozi kwa mdomo, na njiani ataisahau. Tunaogopa sana jambo hilo.

Karatasi hii ameichapa yeye, bado ina joto. Hatukumwambia inamhusu.

Mungu akujalie subira ya kufika mstari wa tisa.

Ni sisi wanane wa Kundi la Michezo,
Kompyuta ya Mapokezi.