Makarius Mpawenimana, Aliyemtafuta Mtoto Wake Katika Kila Nyumba ya Sala

Ndugu, majirani na wote mliopanda kilima hiki cha Kitahana leo, kaeni vizuri, walio juani wasogee chini ya turubai, maana maisha ya marehemu hayasomwi kwa haraka, na familia haikuyakata ili kumfurahisha mtu.

Makarius Mpawenimana alizaliwa tarehe 4 Agosti 1952 huko Kasanda, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Kibondo, akiwa mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza, akabatizwa Kikatoliki kabla hajafikisha mwezi, na jioni ya siku hiyo hiyo baba yake akamwagia wazee waliotangulia pombe ya ndizi nyuma ya nyumba, wala padri hakuambiwa. Alianza Shule ya Msingi Kasanda mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, hakuchaguliwa kuendelea, akajifunza uashi Kasulu kwa fundi mmoja aliyekuwa akiwapiga wanafunzi wake kwa pimamaji, na huko alitoka na mkono ulionyooka kuliko ukuta wowote mnaouona hapa.

Alifunga ndoa na Esteri tarehe 15 Juni 1974, na mwaka huo huo watu walipohamishiwa katika vijiji vipya wakapewa kiwanja hiki, akajenga nyumba hii hii ambayo mmeegemea ukuta wake.

Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa tarehe 9 Februari 1976, mvua ikinyesha, akafa kabla ya siku ya kutolewa nje na kupewa jina. Vijana wa leo hawalijui jambo hili, basi wasikie: mtoto aliyekufa kabla ya kutolewa nje hakuwekewa matanga, hakuzikwa na wanaume, na baba yake hakuonyeshwa mahali alipolazwa, ni kazi iliyofanywa na wanawake kimya kimya alfajiri, wakasawazisha udongo, wakarudi jikoni. Makarius alitumwa sokoni kununua chumvi, na aliporudi akakuta nyumba imefagiwa, mama yake akamwambia, "Lete hiyo chumvi," na hayo ndiyo yalikuwa mazishi ya mwanawe.

Hakulia mbele ya watu, lakini tangu siku hiyo alikuwa na swali moja, mtoto wangu yuko wapi, na kwa swali hilo alizunguka mpaka watu wa sokoni wakamwita Makarius wa Kila Mlango.

Kwanza alimwendea katekista wa zamani, ambaye naye ni marehemu, akaulizwa, "Maji yalikuwemo ndani ya nyumba, mbona hamkummiminia?" akatoka hapo na jiwe kifuani. Mwaka 1981 alipata kazi ya kujenga msikiti nje kidogo ya Kasulu, na mwalimu wa madrasa, mume wa Bi Mwajabu huyu aliyeketi hapa mbele, akamwambia kwamba watoto wadogo hupokelewa na Nabii Ibrahimu, wala hawaulizwi kitu. Makarius alifurahi, akafunga Ramadhani nzima, Esteri akimpikia futari huku akijipiga ishara ya msalaba juu ya sufuria, na ingawa hakusilimu, kuanzia hapo hakusali Salamu Maria bila kunawa miguu. Mwaka 1994, walipokuja watu wa Burundi, alimsikia mchungaji Ndayikeza akihubiri kwamba mtoto yule yuko mbinguni bila shaka yoyote, ila baba yake ndiye asiye na uhakika wa kufika, akazamishwa mtoni, akaambiwa atupe rozari na aache kuwamwagia wazee pombe, akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa, na hakufanya hata moja kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo kila jioni alinawa miguu, akamwaga tone la pombe chini kwa ajili ya baba na mama, akashika rozari, akaomba kwa sauti ya walokole, na mwisho akamwita Imana, jina la Mungu alilofundishwa na mama yake kwa Kiha. Binti yake wa mwisho, Nadine, alimtania, "Baba, Mungu akija kukutafuta atazunguka nyumba nne!" naye akamjibu, "Na mimi nimezizunguka hizo hizo nne, mwanangu, tutakutana njiani."

Alijenga makanisa, misikiti, madarasa, na mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena alijenga vyoo vya wakimbizi, akavisimamia kwa ukali ule ule wa madhabahu. Alikuwa mbishi, alipenda sifa, na chakula kikichelewa alinuna kama mtoto, haya nayo yasemwe, maana waliokula naye wapo hapa.

Alianza kuugua tezi dume mwezi Novemba 2022, akatibiwa Kibondo na baadaye Kasulu, akarudishwa nyumbani mwezi Januari mwaka huu wa 2025. Mwezi Machi alimwita dada yake mkubwa, Epifania, akamwambia, "Dada, mama amekufa, kati ya waliojua umebaki wewe peke yako. Mwanangu mlimweka wapi?" Epifania akamwambia mwanaume haonyeshwi, naye akajibu, "Mimi nusu nimeshakuwa maiti. Mwonyeshe hiyo nusu." Basi akamshika mkono, wakapita jikoni hadi kwenye migomba, akamwonyesha kwa fimbo, na Esteri, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akasema bila kuinua kichwa kwamba mama mkwe alimnong'oneza siku ile ile, na ndiyo maana hajawahi kupanda kitu pale. Mtu aliyemtafuta mwanawe Kasulu na Kibondo kwa karibu miaka hamsini alikuwa akipita hapo kila asubuhi na ndoo yake ya maji. Aliomba kigoda, akakaa mpaka jua likazama, akaomba maombi yake yote bila kuruka hata moja, kisha akasema, "Mnilaze hapa, si makaburini kwa mtu."

Alifariki dunia tarehe 17 Mei 2025, asubuhi, akiwa amenawa.

Jana kulitokea maneno, na kwa kuwa wote mliyasikia hakuna haja ya kuyaficha. Katekista wa sasa alisema mbatizwa hazikwi migombani, mchungaji Ndayikeza akasema aliyezamishwa ni wake, na watu wa msikiti wakasema hakusilimu, hawawezi kumwosha wala kumswalia, ila kuchimba watachimba. Epifania akawaambia, "Huyu aliwasikiliza ninyi nyote alipokuwa hai. Leo msikilizeni yeye, na asiyeweza kuomba ashike jembe." Alfajiri majembe yalikuja mengi, na la katekista lilikuwemo, kitabu chake kikiwa mfukoni. Wanaume walichimba, na safari hii wanawake walisimama juu yao wakiwaonyesha pa kuishia ili mdogo asiguswe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo na Kasulu, mafundi wenzake, majirani mliokesha hapa, Bi Mwajabu aliyeleta maji na kuni, na viongozi wote wa dini, waliokubali na waliokubali kwa kununa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanne. Mtoto wake wa kwanza hakuachwa, huyo ndiye anayefuatwa.

Makarius, umefika alipo. Pumzika kwa amani, wewe na mwanao.