Moshi wa Mabua ya Pamba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlio mbele, asifiwe na wale wanaosinzia huko nyuma karibu na mlango! Mimi ni Mama Shija wa hapa Segese. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnivumilie, ushuhuda wangu unaanzia mbali kidogo.

Nikiwa binti mdogo kule Didia, bibi yangu alinipeleka Shinyanga mjini kuona gari moshi, yale ya zamani ya makaa. Likaja linatema moshi mweusi, bibi akapiga magoti palepale stesheni akaliamkia, "Mwangaluka!", kama anaamkia wakwe. Gari likapiga honi. Bibi akanigeukia: "Umesikia? Limeitikia!" Tulirudi macho mekundu kama nyanya kwa ule moshi, nyumbani wakatucheka mpaka wakachoka. Kucheka tu, basi. Ndugu zangu, siku hizi kwa macho mekundu mtu anaitwa mchawi, anakatwa panga!

Mimi nimepika maisha yangu yote kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu. Kuni ziko wapi huku kwetu? Macho yalikuwa mekundu tangu mzee wangu yuko hai, naye alinitania tu, "Mke wangu, leo umekunywa wapi?" Lakini mzee akafariki, Shija akaenda Geita kutafuta maisha, nikabaki. Mwanamke mzee, peke yake, macho mekundu. Mnajua kinachofuata. Wengine tumewazika.

Masanja ni mtoto wa shemeji yangu, mchimbaji. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilijaa maji, kisha mtoto wake akaugua. Akaenda kwa mganga wa ramli. Mganga akamwambia, "Anayekuroga ni wa ukoo wenu, na macho yake ni mekundu." Masanja akaja uani kwangu, hata shikamoo hakunipa. "Mama mkubwa, siku ya mnada nakuja na mganga akunyooshee kidole. Nisikukute."

Nikakimbilia kanisani. Kanisa letu mnalijua, kuta za udongo, bati lina matundu, mvua ikinyesha tunahama na mabenchi. Mchungaji, Mungu ambariki, aliogopa, akaniambia nikajifiche mjini. Simlaumu, hata mimi niliogopa. Ndipo akasimama Mama Neema, kiongozi wa kina mama, yule muuza dagaa. "Aende wapi? Akikimbia watasema kweli ni mchawi! Siku ya mnada chakula cha ibada ya mavuno tunapikia kwake. Kila mtu aje na mabua, tena mabichi!" Mimi nikadhani jua limempiga kichwani.

Ndugu zangu, walikuja! Hata yule tuliyenuniana naye kwa ajili ya kuku. Walijaa kwenye jiko langu lisilo na dirisha, moshi ukatanda, tukaimba huku tunakohoa. Nilipowaona wamekaa nami mle ndani, na mlango uko wazi, hakuna aliyewazuia kutoka, hofu ilinitoka palepale. Haleluya!

Masanja akafika na panga, mganga nyuma yake. Mama Neema akatutoa nje, tukajipanga ukutani. Macho mekundu, kila mmoja!

"Karibu, mganga," akasema. "Mchawi wako ni yupi? Chagua, tuko wengi."

Mganga akatazama huku, akatazama kule. "Ni... mwenye macho..."

"Macho tunayo! Taja jina!"

Kina mama wakaangua kicheko. Masanja hakucheka. "Mnanichezea, na mwanangu anaumwa!"

"Mwanao tunampeleka zahanati leo hii," Mama Neema akamjibu, sasa kwa upole. "Ila kwanza weka hilo panga, uingie utuipulie sufuria, ni zito."

Mtoto wa Kisukuma, mama akimwomba mbele za watu, atakataaje? Akaingia. Akatoka makamasi yanamtiririka. Mama Neema akampa kioo chake kidogo. "Jitazame, baba. Na wewe unamroga nani?"

Alijitazama sana. Kisha akakaa chini akalia, na haukuwa moshi. Akasema taratibu, "Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto alikuwa na malaria, kina mama walimbeba wenyewe, na leo anakimbiza mbuzi wangu. Dirisha la jikoni alilitoboa Masanja kwa nyundo na moko, ile patasi ya chuma, vyombo vyake vya kule mgodini. Namshukuru Mungu aliyenificha ndani ya moshi! Wewe unayeogopa huko nyumbani kwako, usiogope peke yako. Njoo kwenye lile bati lenye matundu. Watakuja kukaa nawe.

Mganga je? Alipoona Masanja analia, aliokota mkoba wake, akaruka mabua, akashika njia. Tulimwita, "Baba, rudi ule, ugali uko tayari!" Hakugeuka. Mpaka leo hajarudi.