Mama Kona Hasubiri Kuanza Kuishi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika idara ya dobi ya hospitali yetu, mwenzetu tunayemwita Mama Kona anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Aliingia kama kibarua wa kusuuza, akaajiriwa, akapelekwa kwenye pasi kubwa, kisha kwenye meza ya kukunjia. Hapo akaganda. Mara mbili aliitwa apandishwe kuwa msimamizi, na mara zote mbili alishukuru vizuri, akakataa, akarudi mezani. Msimamizi wetu wa sasa husema kiti anachokalia ni cha kuazima.

Kwa wasioijua kazi yetu: shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika kona mbili na yule mbili, mnalivuta likanyooka, halafu mnaendeana mpaka mikono ikutane. Ukizubaa, upande wako unashuka na shuka linapinda. Hapo ndipo sauti yake ilipokuwa ikisikika hadi kwenye ngazi: "Kona!" Jina likaanzia hapo.

Mimi ndiye mwenzake wa mwisho wa kukunja. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo ya mtihani, na nimechukuliwa kwa miezi michache tu. Kuandika wasifu huu wa kumuaga nimesukumiwa na msimamizi kwa sababu nimesoma kwa lugha mbili, na pia, nadhani, kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza na alijua sitabishana. Kwa hilo la pili alikosea.

Tuanze na jambo la kuchekesha. Mashuka ya chumba cha upasuaji yana tundu katikati, mahali daktari anapofanyia kazi. Siku moja ugeni mkubwa ulikuja kutembelea hospitali, na dobi likaombwa vitambaa vya meza haraka haraka. Mama Kona akapeleka vilivyopigwa pasi vizuri kuliko vyote. Meza kuu ilipotandikwa, tundu likaonekana mbele ya kiti cha mgeni rasmi. Wenzake walitaka kujificha kwenye boila, lile tangi la kuchemshia maji. Yeye akachukua chombo cha maua, akakiweka juu ya tundu, akasimama pembeni kama mlinzi hadi hotuba ya mwisho. Mgeni alisifu maua.

Lakini asidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kucheka na kukubali kila kitu. Chumba chetu kipo chini ya jengo, ukuta mmoja na boila, na joto la mchana huko ni la kumwagisha jasho hadi machoni. Aliomba feni kwa miaka. Ofisi ikamjibu kwamba dobi ndiyo idara yenye furaha kuliko zote, kwa hiyo hali si mbaya. Alipanda ngazi na aproni yake, akamwambia afisa aliyekuwapo wakati ule: "Mwanangu, furaha nitajitafutia mwenyewe. Wewe nitafutie feni." Akamkaribisha afanyie kikao chake kimoja kwetu, saa saba mchana. Kikao kilikuwa kifupi. Feni zikafungwa wiki ile ile.

Mwaka aliofiwa na mumewe alirudi kazini mapema kuliko wenzake walivyotarajia. Wanaokumbuka wanasema alikuwa analia na kufanya utani ndani ya saa moja, na watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akamwambia kwa upole kwamba ni vizuri, kazi inamsahaulisha. Akajibu, "Sijasahau kitu. Nimefiwa, na nikiwa nanyi hapa nafurahi. Mnataka nichague?"

Dada yake mkubwa hajawahi kumwelewa. Nimemsikia kwa masikio yangu siku aliyomletea dawa ya magoti.

"Mdogo wangu, utafua vya wagonjwa mpaka lini? Na wewe ufurahi kama wenzio."

"Wenzangu gani hao, dada? Nitajie mmoja nikamuulize."

Badala ya kumtaja mtu, dada akauliza dawa aliyoileta mwenyewe inywewe kabla ya kula au baada.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusura lituharibie sherehe ya kumuaga. Afisa utumishi alinipa mfano wa wasifu kwa Kiingereza ili niufuate. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja ambayo kwa Kiswahili inasema: baada ya miaka mingi ya kujinyima, sasa hatimaye ataanza kuishi. Nilimsomea Mama Kona tukiwa tunakunja. Aliachia kona zake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema akisikia maneno hayo yatasomwa, ukumbini hatakanyaga, wakiage kiti chake.

Niliifuta. Rasimu ikarudi kutoka ofisini na sentensi iko pale pale. Nikaifuta tena, ikarudi tena. Msimamizi akanisihi, "Binti, iache tu, ni maneno ya kawaida, hakuna anayeyasikiliza." Nilimjibu kwamba nimesoma kwa lugha mbili na katika zote mbili sentensi ile ni ya uongo.

Ndipo afisa utumishi akashuka mwenyewe. Alisimama mlangoni, akajipepea kwa karatasi, akasema, "Poleni jamani, mnaishije humu?" Mama Kona alimpa kona mbili za shuka. Wakalivuta, likanyooka.

"Mara ya mwisho kufurahi ilikuwa lini, mwanangu?"

Afisa akacheka. Alipoona shuka bado limekaza, akajibu kwamba ilikuwa Jumamosi, akiosha gari na binti yake mdogo. Mtoto alimmwagia maji yeye badala ya gari.

"Kwa hiyo ulikuwa kazini."

"Sasa ile ni kazi, mama?"

"Kuosha gari si kazi? Mbona hukungoja ustaafu ndipo ufurahi?"

Mama Kona akamwendea, mikono ikakutana, shuka likakunjika. Lilipinda vibaya sana, na Mama Kona alilifungua walirudie. Mara ya pili afisa alizishika kona zake vizuri mpaka walipomaliza. Akanigeukia akasema, "Ifute." Kisha akauliza kama anaweza kukunja moja zaidi.

Nilikuja hapa nikiamini kwamba furaha yangu imefungiwa pamoja na matokeo yangu ya mtihani, na kwamba siku yakitoka nitaanza kuwa mtu. Siamini hivyo tena, na anayetaka kubishana nami aje, ingawa nitaona haya kidogo. Kuna watu watakaosoma wasifu huu na kusema masikini, mama wa watu, aliridhika na kidogo. Hakuridhika na kidogo. Muulizeni aliyefunga zile feni.

Wala tusidanganyane kwamba Jumatatu itakuwa rahisi. Ameniambia anaiogopa asubuhi hiyo. Hajui ataamka aende wapi, hana mpango, na mtoto wake anayemwandalia chumba chenye roshani ameshaambiwa asitegemee kumkuta amekaa. Amesema furaha ikikawia kumfikia nyumbani, atatoka aifuate.

Mama Kona, dobi zima linakushukuru: kwa mikono yako, kwa kelele zako, kwa upepo tunaoupata mchana. Ukumbini utaitwa, na hakuna atakayekwambia kwamba ndiyo kwanza unaanza kuishi. Maisha mema tumekuona ukiyaishi mbele ya macho yetu, humu humu kwenye joto. Tunakutakia uendelee nayo.