Ugonjwa Tuliodhani Umo Kwenye Jina

Wanajumuiya, nawasalimu. Mnisamehe, nitaongea nimekaa, magoti leo yamegoma kabisa. Na tukifika kwenye kutakiana amani msinishike mkono, niguseni bega tu inatosha. Mwenyekiti wetu aliniomba nieleze Mungu alivyonivusha. Nikamwambia, mama, mimi sijavuka, bado niko katikati ya maji. Akasema, basi waambie hivyohivyo.

Ninayemsemea leo ni binti yangu. Mnamjua, ndiye anatuanzishiaga nyimbo hapa. Leo nimemwomba abaki nyumbani, maana mengine siwezi kuyasema ananiangalia. Ameanza kuamka vidole vimekakamaa. Wengine mtasema ni baridi ya ziwa. Mimi hiyo asubuhi naijua.

Kwetu ni huko vijiji vya ziwani, Majita. Mtoto akizaliwa kwetu anapewa jina la marehemu wa ukoo. Akilia sana, wazee wanamtajia majina, moja, lingine, lingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Dada yangu mkubwa alinyamazia jina la bibi, mama yake mama. Na bibi huyo alikufa mikono imepinda kama kucha za kuku, alikuwa analishwa. Mimi nilipozaliwa nikanyamazia jina la upande wa baba. Watu wakafurahi, wakasema huyu amepona.

Dada alipopata mtoto wa pili, viganja vikavimba. Asubuhi hawezi kushika kikombe, mchana analegea kidogo, kesho hivyohivyo. Wazee wakasema si mnaona? Anamfuata mwenye jina. Wakachinja mbuzi, wakambadilisha jina, wakamwita jina lingine kabisa. Aibu ilivyokuwa! Mtu mzima na watoto wake anaanza kujifunza kuitikia upya. Na mikono ikaendelea kupinda. Akawa anaishi kwa vidonge vya maumivu vya dukani, anameza kama karanga, hakuna aliyemkataza, mpaka tumbo likaharibika akatapika damu. Tulimzika, na mtoto wake bado ananyonya.

Nilimlilia dada, lakini sikuogopa. Mimi sikuwa wa jina.

Nilikuwaga na vichanja vyangu pale mwaloni Mwigobero, naanika dagaa. Kazi ya kugeuza dagaa ni ya vidole, na vyangu vilikuwa vyepesi, wenzangu walikuwa wananitania kwamba nina vidole vya kuazima. Siku moja nimeamka haviji. Nimevikunja, havikunjiki. Nikaviloweka kwenye maji ya moto na chumvi, ikapita saa nzima ndipo vikaachia. Nikaenda kwa mama yangu.

"Ni maji ya asubuhi," akasema. "Vaa soksi mikononi."

"Mama, dada si alianza hivihivi?"

"Wewe! Dada yako alikuwa na jina lake. Wewe jina lako la kwa baba, kule hakuna mlemavu hata mmoja. Usijiite ugonjwa."

Nikavaa soksi mikononi, ndugu zangu. Watu walinicheka sokoni mpaka nikazoea.

Miaka ikaenda namna hiyo. Nilichanjwa chale kwenye viwiko na magoti, nikapakwa dawa nyeusi inayowasha. Mara naambiwa ni kazi, mara ni uzazi, mara ni jicho la mtu. Hakuna hata mmoja aliyesema ni ugonjwa ule wa dada, maana ule ulikuwa na njia yake, na njia hiyo kwangu haikuwepo. Vichanja nikaviacha. Ugali nikashindwa kusonga. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, ananivalisha gauni kabla ya kwenda shule, ananifunga vifungo, anakimbia, anachelewa, anachapwa. Hasemi kwa nini amechelewa. Mimi nabaki kitandani naomba nife. Nasema wazi. Wengi mlikuja kuniombea pale nyumbani Kamunyonge, na mkitoka tu naanza tena kuomba nife.

Aliyenitoa hapo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu aliyeko Bunda. Alikuja kututembelea, akanikuta nakunywa uji kwa kuinamia bakuli. Hakusema pole. Alinifungashia nguo zangu akasema, "Wifi, unaenda na mimi. Ukikataa nitakubeba." Bunda akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana. Akavishika vidole vyangu kimoja kimoja.

"Mama, kwenu kuna mwingine mwenye mikono hii?"

"Walikuwepo bibi na dada yangu. Lakini mimi siyo wa jina hilo."

"Jina gani?"

Nikamweleza. Nilitegemea acheke, hakucheka. Akauliza, "Wewe na dada yako mama mmoja, baba mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi jina liache, halina kosa. Mtoto anaumbwa na vitu vya baba na vya mama, kabla hata hamjafikiria kumwita nani. Humo ndimo inamopita rangi, humo unamopita urefu. Na humo kuna watu wanarithi wepesi wa kupata baridi yabisi."

Akanifafanulia kwamba mwili una askari wake wa kukamata vijidudu. Kwa watu wa namna yetu, askari hao siku moja wanakosea, wanaanza kupiga viungo vya mwenye mwili.

Nikamwambia, "Kama mgambo akiacha vibaka, akaja kutumwagia dagaa zetu."

"Hapohapo," akasema.

Nikamuuliza mbona mama yangu mikono yake mizima? Akasema kurithi siyo kuugua. Mwingine anabeba mpaka anazeeka haumwi, lakini anaweza kumpitishia mtoto. Mwingine ugonjwa unamwamkia, na kwa nini umwamkie yeye, hata wao hawajui yote. Halafu akaanza kusema, "Ungekuja ulipoanza..." Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Alinipa barua ya kwenda Mwanza. Huko nikaanzishiwa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, na damu yangu wanaipimaga. Uvimbe ukashuka. Naweza kuvaa mwenyewe, naweza kushika kijiko. Lakini vidole hivi, vitazameni, hivi ndivyo vitabaki. Dawa inazuia ugonjwa usiendelee, vilivyopinda haivinyooshi.

Niliporudi nikaenda kwa mama. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, mpaka la kwamba ugonjwa ulipita kwa bibi, ukapita kwake, ukatufikia.

Akaacha maharage. "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?"

"Mama, hukutaka."

"Sijakuuliza kama nilitaka."

Tangu hapo mpaka anafariki, mama akikaa na mimi alikuwa anaficha mikono yake kwenye kanga. Mikono mizima, mizuri. Ndugu zangu, nawaambia, siku hiyo nilitamani tungebaki tu na imani yetu ya jina. Jina ukililaumu halilii.

Namshukuru Mungu kwa wifi yangu. Namshukuru yule daktari ambaye hakunicheka. Nawashukuru ninyi mliokuwa mnanisongea ugali bila kunitangaza. Na la kuwaachia ninalo hili: mnapokaa kumtafutia mtoto jina, ulizaneni pia marehemu waliumwa nini, kwa mama na kwa baba, pande zote mbili. Msiulizie kwa ajili ya kuvunja posa za watu, jamani, hilo nawakanya. Kaka yangu yule wa Bunda hana hata dalili. Ulizeni ili mtu akiamka vidole vimekaza wiki baada ya wiki, akimbilie hospitali, asivae soksi.

Binti yangu tumempeleka Jumatatu iliyopita, wamemtoa damu. Asubuhi hiyo, kabla hatujatoka, aliniuliza, "Mama, ni wewe umenipa?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno ya daktari, kwamba siyo lazima, kwamba hawajui yote. Nikayaacha. Nikasema, "Ndiyo mwanangu. Inawezekana ni mimi."

Hakulia. Alichuchumaa akanifunga kamba za viatu, ikamchukua muda mrefu kwa sababu vidole vyake havijakubali, na mimi sikuweza kumsaidia. Tukaondoka.

Majibu bado. Leo msiniombee mimi, mimi nimeshazoea. Mwombeeni huyo.