Mama Wembe na Picha Iliyodanganya

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi sampuli wetu, Mama Wembe, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya plastiki. Jina hilo tulimpa sisi, na hana kinyongo nalo. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vya plastiki vyembamba mara elfu kuliko unywele, maana vikizidi hapo miale ya hadubini ya elektroni haipenyi.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Siku moja alimuuliza mkuu wa wakati ule kwa nini ndoo ya buluu ikikunjwa huweka alama nyeupe. Badala ya kumjibu, mkuu alimkalisha mbele ya hadubini, naye akaona vijitundu visivyohesabika vikitawanya mwanga. Tangu hapo, kumtoa kwenye kiti kile ilikuwa shughuli. Mumewe, seremala, hulalamika kwamba kwake hakuna beseni lenye ukingo mzima. Akigeuka tu, mkewe ameshachanja kipande cha kwenda kukitazama.

Chumbani mwake kupiga chafya ni marufuku. Mkurugenzi mwenyewe alishatolewa nje, akatii.

Miaka tisa iliyopita tuliletewa mabomba ya maji yaliyopasuka hospitalini. Picha zetu zilionyesha tundu tele ndani ya plastiki. Ripoti ilikuwa karibu kutiwa saini: mwendesha mashine wa kiwanda kilichotengeneza mabomba hayo aliacha hewa iingie. Bwana huyo alikuwa ameshaambiwa akae nyumbani asubiri barua.

Mama Wembe hakuridhika. Alikuwa ameona kwamba kila akikawia kutazama, tundu zinaongezeka. Aliuliza kikaoni, kwa upole wake ule ule, ni tundu gani hizo zinazozaliwa mbele ya macho ya watu. Mtaalamu aliyeandika ripoti alikasirika, na sina haja ya kumficha: ni mimi. Nilimwambia akate vipande, kusoma picha atuachie sisi. Yeye akaomba siku tatu tu.

Aligandisha sampuli mpya kwa baridi kali, akapunguza miale, akapiga picha upesi. Hapakuwa na tundu hata moja. Miale yetu ndiyo iliyokuwa ikiunguza plastiki. Kisha akarudi kwenye hadubini ya kawaida ya mwanga, na humo fuwele za plastiki zilionekana kama maua. Upande wa ndani wa bomba yalikuwa makubwa kupita kiasi, na nyufa zilipita katikati ya maua hayo. Fuwele hukua hivyo bomba likipoa polepole. Kiwanda kilipokaguliwa, pampu ya maji ya kupoozea ilikutwa mbovu.

Mwendesha mashine alirudishwa kazini. Wiki iliyofuata alikuja kushukuru, Mama Wembe akamkalisha atazame mwenyewe. Alipoinua kichwa aliuliza kwa nini kila ua lina msalaba mweusi. Walishinda hapo hadi tukafunga ofisi.

Nilimwomba radhi Mama siku ile faraghani. Leo naomba mbele ya wote. Anaacha mafundi wanne aliowanoa mwenyewe, na kila mmoja anajua kuishuku picha kabla ya kumshuku mtu.

Asante, Mama. Pumzika kwa afya na furaha, uendelee kuuliza, na Mungu akujalie umri mrefu wa kupata majibu.