Chupa ya Jemu ya Dada Solda

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na chumba cha fundi simu. Mimi kazi yangu ni kahawa: nachemsha, namimina, nasikiliza. Wakaaji ni wale wale. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa butu. Kuna Mzee Gia, dereva mstaafu wa lori, anayetumia methali kama fundi mbovu anavyotumia vipuri: akikosa kinachofaa anafunga chochote. Na kuna Dada Solda, fundi simu mwenyewe, ambaye hakai. Husimama mlangoni na kikombe, sikio moja kwetu, la pili kwenye meza yake.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu mpaka midomo inapasuka. Ndipo simu zilipoanza kumfia Dada Solda. Simu inaingia na kioo kilichovunjika tu, anabadilisha kioo, ikiwashwa haiamki tena. Tatu kwa wiki moja. Ya tatu ilikuwa ya karani mmoja, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, naye hakutafuta pembeni pa kusemea. Alisema mbele yetu sote.

— Dada, simu yangu ililetwa hapa inaongea. Umenyofoa nini ndani?

Dada Solda hakujibu kwa maneno. Aliifungua, akamwonyesha kila kipande. Karani alitazama kama mtu aliyepewa kitabu cha lugha asiyoijua, akaiacha simu mezani, akaondoka. Kesho yake mjomba wa Dada Solda, mwenye chumba, akatuma ujumbe kwamba jina likianza kunuka, afadhali mlango ufungwe. Siku hiyo kahawa yake ilipoa kikombeni.

Sisi benchini hatukukosa la kusema. Mzee Gia alieleza kwamba upepo wa kiangazi unakausha simu kwa ndani, kama injini isiyo na oili. Wembe akasema hapana, simu zina kijicho. Zikilazwa meza moja, mbovu inaiambukiza nzima. Mzee Gia hakukubali kushindwa. Akasema basi ni mnara wa mawasiliano, umepewa orodha ya simu za watu wenye madharau na unazizima moja moja.

— Mwenye macho haambiwi tazama, — alimalizia. — Ndiyo maana hatuuoni.

Dada Solda alikuwa hacheki. Alikuwa akivua sweta ya asubuhi, nasi sote tulisikia: tas, tas, tas, kama chumvi motoni. Akaitikisa sweta tena, akasikiliza.

Asubuhi iliyofuata alianza kuomba vitu. Kwangu alitaka chupa tupu ya jemu. Kwa Mzee Gia alitaka ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwa Wembe, kitana cha plastiki. Karatasi aliiloweka majini mpaka ukajivua upande wa karatasi, ukabaki utando wa kung'aa, mwepesi kuliko bawa la nzi. Akakata vipande viwili vyembamba, akavining'iniza pamoja kwenye ncha ya waya wa shaba. Waya akaupitisha kwenye tundu la kifuniko cha plastiki, akauziba kwa nta ya mshumaa usiyumbe, na juu kabisa akauvika kidonge cha karatasi ile ile. Nimeona watu wakitia uzi kwenye sindano kwa shida zaidi ya hapo.

Akakisugua kitana kwenye nywele zake, akakisogeza karibu na kidonge, bila kugusa. Ndani ya chupa vile vipande viwili viliachana, kama miguu ya mtu anayepiga hatua. Akakiondoa, vikarudiana.

Wembe aliomba arudie. Akarudia. Mzee Gia naye akaomba.

— Huu ni umeme tuli, — alisema Dada Solda. — Mtu anaubeba mwilini bila kujua. Wewe ukishtuka kidogo, umesahau. Simu ikiwa wazi, cheche hiyo hiyo inaiua.

Kisha akaanza msako. Alipeleka chupa kwenye meza: kimya. Kwenye zulia dogo: vipande vilitikisika tu. Akaketi kwenye kiti chake, akajisogezasogeza kama afanyavyo kazini, akainuka, akanyoosha kidole kuelekea kwenye kidonge. Vipande vikaachana. Akavua aproni yake, akaisogeza peke yake. Viliachana mpaka vikagusa kioo.

Aproni hiyo ilikuwa ya nailoni. Zamani ilikuwa nguo ya Wembe ya kuwafunika wateja. Alimpa Dada Solda yeye mwenyewe, mwezi ule kiangazi kilipoanza, koti lake la kazi lilipochanika. Wembe aliitazama, akatazama chini.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — akasema Mzee Gia.

Tuligeuka wote kumtazama. Miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza methali yake kukaa mahali pake. Hata yeye alionekana kushtuka.

Tangu siku hiyo Dada Solda anafanya kazi na shati la pamba, na kabla ya kufungua simu hushika kwanza bomba la maji la chuma lililo ukutani, ili umeme wa mwilini ushukie ardhini. Wiki mbili zikapita, hakuna simu iliyokufa. Ile ya karani aliifufua kwa kipuri alichokitoa kwenye simu yake mwenyewe. Wembe alimshauri kwa nia njema aseme tu kwamba ulikuwa upepo. Karani alipofika, Dada Solda alimkabidhi simu ikiwa imewaka.

— Sikunyofoa kitu, kaka. Lakini aliyeiua ni mimi. Nilikuwa sijui, sasa najua. Nisamehe.

Karani alisimama na simu mkononi. Nilidhani atatafuta neno la kumwumiza. Badala yake aliuliza kama anaweza kuiona hiyo chupa. Alionyeshwa, akasugua kitana mwenyewe, akasogeza, na uso wake ukafunguka. Akamwomba radhi pale pale, mbele ya wale wale waliosikia tusi. Mjomba hakutuma ujumbe mwingine. Nilisikia karani alipita kwake.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mwenye kikapu, simu yake haishiki chaji. Tulikuwa hatumjui. Alikuwa ametazama yote bila kusema. Sasa akainama karibu na chupa.

— Huo umeme, kabla hamjasugua kitana, ulikuwa umekaa wapi?

Mzee Gia alitafuta methali, nikaona anaikosa.

— Sijui, mama, — alisema Dada Solda, na sauti yake haikuwa na aibu hata kidogo. Akamvutia kiti, akampa kitana. — Kaa. Sugua wewe, taratibu. Safari hii tuangalie vizuri.