Marcelino Nandonde, Fundi wa Wudi wa Gerezani (1963–2025)

Baba Padre, ndugu, majirani, na ninyi marafiki mliotoka Masasi, Kariakoo na kwingineko, tumekusanyika hapa Kinondoni kumrudisha Marcelino Kosmas Nandonde kwa Mwenyezi Mungu aliyetuazima. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake wa kike kwa niaba ya ukoo. Mengine marehemu aliyasema mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza yasomwe mbele ya watu. "Msinirembe," alisema. "Mkinirembesha, huko niendako nitaona aibu." Basi hatukumremba.

Marcelino alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Juni 1963, kijiji cha Nangoo, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Kosmas Nandonde na marehemu mama Veronika, na alibatizwa Ndanda mwaka huohuo. Tangu mdogo mikono yake haikutulia. Alikuwa na miaka kumi alipoanza kuwachongea watu mipini ya majembe, na kabla hajakata mti alimtazama mwenye jembe kwanza, anavyosimama na anavyoinama. Bibi yetu alichongewa mpini mfupi. Bibi akawaka: "Mimi mtoto mdogo, unanipa jembe la kuchezea?" Marcelino akauegesha mlangoni akaondoka. Bibi alilima na jembe lile mpaka Mungu alipomchukua.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Nangoo kuanzia mwaka 1971, akamaliza darasa la saba mwaka 1977. Hakuchaguliwa kuendelea. Yeye hakulia, aliyelia ni baba.

Agosti 1978 alikuja Dar es Salaam kwa baba yetu mdogo, marehemu Robert, aliyekuwa seremala wa reli na akiishi kwenye nyumba za reli Gerezani. Baba mdogo alimfundisha randa na tupa. Mwaka 1980 alipata kibarua kwenye uwanja wa gofu wa mjini, kubeba mikoba ya wachezaji, kazi ambayo wenyewe wanaiita ukedi. Alikwenda kwa miguu asubuhi, akarudi kwa miguu jioni. Huko, mwaka 1984, alikutana na Alhaji Abdulmalik, wakati huo kijana wa Kariakoo anayemsaidia baba yake duka la mapazia Mtaa wa Aggrey. Mmoja alibeba mkoba, mwingine alipiga mpira, na njia nzima walibishana. Urafiki wao ulidumu miaka arobaini. Mvua ikinyesha walijificha chini ya mwavuli mmoja, na watoto wao wamekula pilau ya Idi na ya Krismasi kwenye sahani hizohizo.

Kwa sisi tusioujua mchezo huo, ni vizuri kueleza. Mchezaji ana fimbo nyingi mkobani. Wudi ni ile yenye kichwa kinene kama ngumi, ya kuupeleka mpira mbali wakati umelala chini kwenye majani. Zamani kichwa hicho kilikuwa cha mti kweli, na kilipopasuka katika ile miaka ya vitu kuadimika, hakukuwa na pa kununua kingine. Marcelino alikichukua akakipeleka karakana kwa baba mdogo, akakiunga, akakipaka vanishi. Hivyo ndivyo ufundi wake ulivyoanza. Mwaka 1992 alifungua kibanda chake Gerezani, katikati ya wauza vipuri vya magari. Nyuma ya kibanda alitandika kipande cha zulia na kutundika wavu mkuukuu, mtu ajaribu fimbo kabla ya kuichukua.

Watu walitoka mpaka Arusha na Moshi kumfuata. Hakuwauliza wanataka wudi namba ngapi. Aliwaambia, "Piga mipira kumi nione." Alitazama magoti, akatazama kiuno, halafu akasema. Mama mmoja daktari alifika akiwa na wudi nne na hakuna hata moja aliyoipenda. Marcelino akamnyang'anya tatu, akamwambia, "Dokta, usiunyanyue mpira. We fagia majani, kunyanyua ni kazi ya fimbo." Mama yule yupo hapa leo.

Tarehe 30 Septemba 1989 Marcelino alifunga ndoa takatifu na Benedikta, binti wa Newala, katika parokia ya Msimbazi. Benedikta alikuwa anapika vitumbua nje ya karakana ya reli. Marcelino alinunua vitumbua miezi minane bila kusema kitu, mpaka Benedikta akamuuliza, "Kaka, wewe una njaa au una shida?" Akajibu, "Shida." Mungu aliwajalia watoto wawili, Leticia na Robert. Ilikuwa nyumba ya sala. Haikupita siku bila rozari kusaliwa, hata umeme ukikatika.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisemwe.

Februari 2018 Alhaji Abdulmalik alikwenda kibandani kutafuta wudi mpya. Alikuwa na miaka sitini na sita na goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Alifuatana na rafiki yao Mrisho, yule wakala wa forodha wa bandarini, ambaye wote mnaujua mdomo wake. Alhaji aliitaka namba tatu. Namba tatu ndiyo ya watu wenye nguvu, uso wake umesimama wima, inataka kiuno cha kijana. Alipiga kumi. Yote ilitambaa chini.

"Haji," Mrisho akasema, "mipira hiyo unaipiga au unaisindikiza?"

Marcelino akamletea namba saba, ambayo uso wake umelala kidogo na mpira unapanda bila ugomvi.

"Jaribu hii, Mzee wangu."

"Saba? Marcelino, unanitafutia kicheko. Saba wanapiga akina mama."

"Wanapiga, na mipira yao huwa unaiona inavyokwenda."

"Nimesema tatu. Kama huna, mitumba imejaa Kariakoo."

Lakini Marcelino alimwona usoni. Alituambia hakuwa ameona hasira, aliona mtu anayeogopa kuzeeka mbele ya wenzake. Akamwambia arudi Jumamosi. Benedikta alimkuta siku ile ameinama, anaisugua ile saba kwa tupa. Akaifuta namba yake, akagonga tatu mahali pake, akajaza rangi nyekundu, na mpini akauongeza nusu inchi isije ikaonekana fupi.

"Baba Leticia, unafanya nini?"

"Namsaidia mtu."

Jumamosi Alhaji alipiga, wavu ukavimba juu kabisa. "Unaona?" akapiga kelele. "Mlitaka kunizika mapema! Tatu ndiyo saizi yangu." Marcelino alicheka pamoja naye. Alisema ile ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote kibandani pale, na ndiyo siku aliyotenda dhambi.

Kwa miaka sita fimbo ile ilisifiwa mji mzima. Mwaka 2019 Alhaji alichukua kombe la wazee, akaliweka dukani kati ya mapazia, na kila aliyeingia alisikia habari za mzee wa Kariakoo anayepiga namba tatu. Wazee wenzake nao wakataka tatu. Walimiminika Gerezani. Marcelino alijitahidi kuwazuia, wakamjibu, "Mbona Haji anaipiga?" Akawauzia. Mstaafu mmoja wa reli, mtu mpole kabisa, aliteguka kiuno akiilazimisha namba tatu, akalala miezi miwili. Marcelino alikwenda kumwona, akarudi nyumbani hakula. Uongo wake mdogo ulikuwa umeota miguu, unatembea wenyewe.

Kwaresima ya mwaka jana alikwenda kuungama. Padre alimwambia dhambi imeondolewa, lakini mwenye haki yake bado hajaambiwa. Basi Jumamosi tarehe 2 Machi 2024 alivaa shati lake la kanisani, akaenda Mtaa wa Aggrey. Ramadhani ilikuwa imekaribia, duka limejaa wateja, Mrisho na wazee wengine wa gofu wamekaa kwenye benchi. Benedikta alikuwa amemwambia, "Mwite pembeni." Yeye aliona tofauti. Alisema uongo huo umesikiwa na watu wote, basi na ukweli wausikie watu wote. Huko ndiko alikokosea mara ya pili. Alisimama katikati ya duka akasema kila kitu, tupa, rangi nyekundu, nusu inchi na yote.

Mrisho aliangua kicheko. "Haji! Kumbe miaka sita unapiga ya akina mama!" Benchi zima likacheka, hata wateja wasiojua gofu ni nini.

Alhaji hakucheka. Alikunja pazia alilokuwa anamwonyesha mteja, akalikunja vizuri. "Umemaliza, Marcelino?"

"Nimemaliza. Nisamehe, kaka."

"Haya. Nenda."

Tangu siku hiyo hawakuonana. Marcelino alirudi dukani mara tatu, mara zote akaambiwa Mzee ametoka. Mara ya tatu aliziona ndala zake pale mlangoni kwa ndani. Sikukuu ya Idi akatuma salamu, hazikujibiwa. Mrisho, ambaye ana moyo mzuri kuliko mdomo wake, alikwenda kumwombea, naye akafukuzwa. Kombe likaondolewa dukani. Marcelino aliendelea na kazi, lakini wale waliomzoea walijua. Alikuwa akisikia mtu anakohoa nje ya kibanda, anainua kichwa akidhani ni Haji.

Mwezi wa Oktoba alianza kupungua mwili na kuumwa tumbo. Januari 2025 madaktari wa Muhimbili walituambia ni saratani ya ini, imeshakwenda mbali. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa upole wao. Marcelino hakulalamikia maumivu. Alisali, aliwatania wauguzi, alimwelekeza Robert vifaa vilipo. Kitu kimoja tu aliuliza kila siku: "Haji amekuja?"

Jumatatu tarehe 17 Machi Benedikta alimtuma Leticia dukani. Binti alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba."

"Baba hali yake imeshuka sana. Anakuulizia."

Alhaji akasema, "Mwambie nakuja kesho, nikishasali adhuhuri, insha'Allah."

Leticia alirudi wodini mbio kupeleka habari hiyo. Siku ya Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, Marcelino aliamka macho yamechangamka. Aliuliza saa mara nyingi. Saa tano Baba Padre alimpa mpako wa wagonjwa. Saa saba na dakika kumi mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, Bwana alimwita.

Alhaji Abdulmalik alifika saa nane kasoro. Alikuta kitanda kimeondolewa shuka.

Jana yake alikuwa ameahidi, na hakuchelewa kwa kiburi. Aliyasema mwenyewe Jumatano chini ya turubai nyumbani kwetu Mchikichini, mbele ya wanaume wote, amefunga Ramadhani. "Mimi nilimsamehe siku ileile alipogeuka kutoka dukani. Mungu wangu ni shahidi. Niliona aibu tu, nikasema acha kwanza, acha kwanza. Jana nilikuwa nimeshatoka msikitini, nikarudi nyumbani kubadilisha kanzu. Nilitaka anione vizuri." Kisha akamgeukia Benedikta. "Shemeji, yeye ameniomba msamaha nikamnyima. Mimi sasa nikamwombe nani?"

Benedikta alijifuta uso kwa kanga.

"Shemeji," alisema, "jana asubuhi ametuomba tumnyoe ndevu. Kioo akashika mwenyewe. Akasema, nyoeni vizuri, Haji anakuja. Sasa mtu akikungoja hivyo, kuna msamaha gani tena unautafuta?"

Alhaji alikaa chini palepale kwenye mkeka akalia, na Mrisho akakaa karibu yake.

Ndugu waombolezaji, marehemu aliagiza pia hivi. Yeyote aliyenunua namba tatu kwa sababu ya habari ile, akaumia mwili au moyo, familia ya marehemu inamwomba msamaha hapa mbele ya kaburi hili. Na yeyote mwenye mtu wake anayemkwepa kwa aibu, asisubiri kubadilisha nguo.

Marehemu Marcelino ameacha mjane, Benedikta, watoto wawili, Leticia na Robert, mkwe, Elibariki, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na kaka ambaye hakuzaliwa naye, Alhaji Abdulmalik, ambaye leo ameomba awe mmoja wa wale wanaomshusha, na familia imekubali.

Ee Bwana, mpokee Marcelino mtumishi wako, umsamehe alipokosea, na mwanga wako wa milele umwangazie. Kaka yetu, pumzika sasa kwa amani.